Anasikia lakini haelewi: maswali ya wazazi na walimu kuhusu watoto wenye hitilafu ya lugha

Ukurasa huu unahusu upande wa lugha ambao hauonekani, yaani kuelewa yanayosemwa. Mtoto asiyeongea kila mtu humwona na kumhurumia. Asiyeelewa anaweza kukaa darasani miaka mitatu akiitwa mtundu, mzembe au msahaulifu, na asipatikane hata mtu mmoja wa kujiuliza kama maneno yanamfikia.

Kuelewa lugha inayozungumzwa ni kufanya nini hasa?

Sentensi ikishatamkwa imepita, haibaki mezani kama maandishi. Katika zile sekunde chache mtoto anatakiwa atofautishe sauti, ajue neno linaanzia wapi na kuishia wapi, akumbuke maana yake, afuate sarufi ili ajue nani kamfanyia nani nini, na yote hayo ayashike kichwani mpaka sentensi iishe. Bado kuna yasiyosemwa. Mtu akisema "Mbona kuna baridi humu" huku analitazama dirisha, anaomba lifungwe.

Mtoto mmoja hukwama kwenye msamiati, mwingine kwenye sarufi. Mwingine huelewa kila sentensi ikiwa peke yake, lakini hadithi ikirefuka inamponyoka. Ndiyo maana neno "haelewi" peke yake halitoshi. Lazima ijulikane anakwama wapi.

Mwanangu anaongea, tena sana. Inawezekanaje awe haelewi?

Inawezekana. Kwa kawaida mtoto huelewa mengi kuliko anayoweza kusema, na kwa sababu hiyo tunapomsikia anaongea tunaona suala la kuelewa limekwisha. Lakini wapo watoto walionasa misemo mizima mizima na kuitumia mahali pake bila kuweza kuichambua. Wapo pia wanaoongea mfululizo kwa sababu anayeongea haulizwi maswali.

Angalia mambo kama haya: anajibu swali ambalo hukuuliza, anarudia maneno ya mwisho ya swali lako, anaitikia "ndiyo" kwa kila kitu, mwalimu akitoa agizo, kwanza anawatazama wenzake ndipo anainuka, anacheka nusu sekunde baada ya wengine kucheka, hadithi ikisomwa anahangaika, ila picha zikionyeshwa anatulia. Jambo moja kati ya hayo si kitu. Yakikusanyika na yakadumu kwa miezi, yana maana.

Nitajuaje kama haelewi au ni ukaidi tu?

Jaribu hivi nyumbani, siku ambayo wote mmetulia. Weka kijiko peke yake mezani, nyoosha mkono, sema "Nipe kijiko." Akikupa, hujapima lugha hata kidogo, kwani mkono wako umeshasema na kitu cha kutoa ni hicho kimoja. Ongeza kikombe, rudisha mikono mapajani, macho yako yasitazame kitu chochote pale mezani, kisha sema tena "Nipe kijiko." Sasa lazima aelewe neno moja. Weka kijiko, penseli, kikombe na boksi, useme "Tia penseli kwenye kikombe." Hapo lazima ashike maneno mawili, maana kuna vitu viwili vya kuchagua na mahali pawili pa kuviweka. Ukiongeza vijiko viwili, kikubwa na kidogo, "Tia kijiko kikubwa kwenye boksi" inamdai maneno matatu.

Hesabu hii ya maneno ambayo mtoto hawezi kuyakwepa ndiyo msingi wa mfumo wa Derbyshire, ulioanzishwa Uingereza na unaotumiwa na wataalamu wengi mpaka leo. Uzuri wake ni kwamba unakuonyesha jinsi tunavyowasaidia watoto bila kujua. Tunaponyoosha kidole, tunapotazama mlango, tunaposema "vaa viatu" saa ileile ya kila siku, mtoto anasoma mazingira, wala hasikilizi maneno.

Kuhusu ukaidi, mtoto mkaidi ameelewa na anakataa, na mara nyingi anakataa hata mambo rahisi. Asiyeelewa hufanya sehemu ya agizo, au hufanya kitu kingine kwa bidii zote, halafu anashangaa kukuona umekasirika. Huo mshangao uutazame vizuri. Kumwadhibu mtoto kwa kutoelewa kunamfundisha kuficha, na akishajifunza kuficha itakuwa vigumu zaidi kumsaidia.

Katika umri gani niwe na wasiwasi?

Watoto wengi wanapofika miezi 18 hutekeleza agizo la hatua moja bila kuonyeshwa kwa mkono, na wakifika miezi 30 huweza hatua mbili, kwa mfano "Weka mpira chini, halafu funga mlango." Mtoto anayechelewa kusema lakini anaelewa vizuri ana nafasi nzuri ya kuwafikia wenzake. Anayechelewa kusema na pia haelewi asisubirishwe. Ule ushauri wa "mwache, ataongea tu, hata baba yake alichelewa" hapa haufai.

Kuna hali moja isiyosubiri hata wiki: mtoto aliyekuwa anaelewa na sasa haelewi, katika umri wowote. Mpeleke kwa daktari. Upo ugonjwa wa nadra unaohusiana na kifafa, uliopewa jina la Landau na Kleffner walioueleza mwaka 1957, ambao huweza kumnyang'anya mtoto uwezo wa kuelewa maneno ingawa masikio yake ni mazima. Huwapata hasa watoto wa kati ya miaka 3 na 8, na unaweza kudhaniwa kuwa uziwi wa ghafla. Si watoto wengi, lakini ukiwahi unatibiwa kwa dawa.

Hitilafu ya lugha ni nini, na huwapata watoto wangapi?

Ni tatizo la lugha lililo kubwa kiasi cha kumkwamisha mtoto katika maisha ya kila siku na masomo, tena lisilotarajiwa kwisha lenyewe. Wakati mwingine huambatana na hali inayojulikana: sindromu ya Down, usonji, uziwi, jeraha la ubongo. Mara nyingi zaidi hakuna hali kama hiyo, na hapo huitwa hitilafu ya ukuaji wa lugha. Jina hilo lilikubaliwa na jopo la wataalamu wa fani mbalimbali lililoongozwa na Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika makala zilizotoka 2016 na 2017. Kabla ya hapo kulikuwa na majina mengi, na mzazi aliyemwona mtaalamu wa leo na wa mwaka uliopita angeweza kudhani mtoto ana magonjwa mawili.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1997 ulikuta hali hii kwa zaidi kidogo ya asilimia 7 ya watoto wanaoanza shule, na utafiti wa Uingereza wa 2016 ulipata karibu kiwango hichohicho. Darasa la watoto 30 lina wastani wa wawili. Ni wengi kuliko watoto wenye usonji, lakini watu wachache wamewahi kusikia habari zao.

Ni kosa langu? Nilimwachia televisheni, na sikuwa namsimulia hadithi.

Hapana. Hali hii huenda katika familia, na jeni nyingi huchangia, kila moja kidogo kidogo. Wazazi wa mtoto huyu mara nyingi wana watoto wengine waliolelewa vilevile, katika nyumba ileile, na wanaelewa vizuri. Kuongea na mtoto kuna faida kwa kila mtoto, na kwa huyu kunahitaji ufundi zaidi, lakini si ukimya wako uliomletea hitilafu.

Tunaongea lugha mbili nyumbani. Tuache moja?

Msiache. Lugha mbili hazisababishi hitilafu ya lugha, na kuondoa moja hakuiponyi. Mtoto mwenye hitilafu atakwama katika lugha zote mbili. Anayekwama katika ile ya shule tu, huku ya nyumbani anaelewa kila kitu, anajifunza lugha mpya na anahitaji muda. Kwa hiyo apimwe katika lugha zote anazotumia. Mama akiambiwa aache kuongea na mwanawe kwa lugha anayoimudu, aongee kwa ile anayobabaika nayo, mtoto hupokea lugha pungufu kutoka kwa mtu aliye karibu naye kuliko wote. Ushauri huo bado unatolewa, na unaumiza watu.

Tuanzie wapi?

Masikio. Hata kama anageuka ukipiga makofi, hata kama anasikia muziki wa jirani. Majimaji nyuma ya ngoma ya sikio yanaweza kupunguza usikivu, mara yapo mara hayapo, na mtoto akawa anasikia vokali lakini zile konsonanti nyepesi kama s na f zinampita. Akishapimwa usikivu, ndipo mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha atafute kiwango na aina ya tatizo.

Niongee naye vipi?

Kabla ya yote, mwite jina na umsubiri akutazame au aonyeshe yupo nawe. Agizo linalorushwa kutoka chumba kingine limepotea kabla halijafika.

Kisha fupisha, ila usivunje sarufi. "Lete kiatu chako" inatosha. "Kiatu, lete, haya" inamnyima mtoto mfano wa sentensi anayotakiwa kujifunza. Sema polepole kidogo, na muda uwe katikati ya vifungu vya maneno. Kukata ne-no si-la-bi si-la-bi kunaharibu mdundo, na mdundo ndio unaomwonyesha maneno yanapoachana. Neno la maana liwekee mkazo, ikiwezekana liwe mwishoni mwa sentensi.

Taja jina la kitu. Watu wazima tunaishi kwa "kile", "hapo", "yule", "weka kule". Kwa mtoto huyu "kile" ni fumbo. "Kikombe chekundu" kinashikika.

Halafu nyamaza. Hili ndilo linalowashinda watu. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Ubongo wake bado unafanya kazi kwenye sentensi ya kwanza, na wewe ukiongeza ya pili yenye maneno mapya kwa nia njema, umemfutia ile ya kwanza na kumwanzishia mzigo mwingine. Ukirudia, rudia kwa maneno yaleyale. Ikishindikana mara ya pili, badilisha: fupisha, onyesha, au shika kitu chenyewe.

Mpangilio wa maneno ufuate mpangilio wa matendo. Ukisema "Kabla hujavaa viatu, chukua begi," watoto wengi wenye hitilafu watavaa viatu kwanza, kwa sababu ndivyo vilivyotajwa kwanza. Sema "Chukua begi. Halafu vaa viatu."

Je, Kiswahili kina ugumu wake kwa watoto hawa?

Kinao, na wazazi hawauoni kwa sababu ni lugha yao. Kitenzi chetu kimebeba sentensi nzima. "Hajamletea" ina ukanushaji, mtenda, wakati, mtendewa na kwamba jambo linafanywa kwa ajili ya mtu, vyote katika pumzi moja. Mtoto anayekamata shina tu amesikia "leta". Kati ya "atanipigia", "nitampigia" na "hatanipigia", silabi zinazobeba tofauti ni zile fupi za mwanzo, zisizo na mkazo, maana mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho.

Tazama makatazo. Ukisema "Usifunge mlango," asiyeishika *usi-* anabaki na kufunga na mlango, na anakwenda kuufunga. Wewe unaona dharau. Mwambie unachotaka kifanyike: "Acha mlango wazi."

Kauli ya kutendwa ni mtego mwingine. "Juma amempiga Ali" na "Juma amepigwa na Ali" zina majina yaleyale kwa mpangilio uleule, na mtoto anayetegemea kanuni ya "anayetajwa kwanza ndiye mtenda" atamlaumu Juma mara zote mbili. Fikiria ugomvi wa shuleni unavyoamuliwa kwa ushahidi wa mtoto kama huyo. Kuna pia "Mtoto aliyemsukuma mwenzake analia." Nani analia? Watoto hawa watakuambia mwenzake, kwa sababu masikio yao yameshika maneno mawili ya mwisho: mwenzake analia. Sentensi ya namna hiyo igawe: "Mtoto mmoja alimsukuma mwenzake. Sasa yule aliyesukuma analia."

Si kwamba tuviondoe viambishi katika maongezi yetu. Lazima ajifunze, na atajifunza kwa kuviona vikitenda kazi. Cheza naye kwa wanasesere wawili: "Dubu anamsukuma simba." "Simba anamsukuma dubu." "Dubu amesukumwa." Afanye kwa mikono yake, kisha yeye awe mtoa maagizo na wewe mtendaji. Ukikosea kwa makusudi na akakurekebisha, umepata kipimo kizuri kuliko maswali kumi.

Namuuliza maswali mengi ili ajifunze, lakini ananyamaza.

Maswali hayafundishi lugha, yanaipima. Mtoto anayeulizwa siku nzima yuko kwenye mtihani siku nzima. Kwa kila swali moja jaribu kutoa maelezo matatu manne ya kile anachokitazama yeye: "Lori limekwama. Gurudumu limeingia kwenye matope. Dereva anasukuma."

Na maswali hayalingani. "Nini hiki?" na "yuko wapi?" hujibika kwa kutazama. "Kwa nini?", "ingekuwaje kama?" na "ulijuaje?" yanahitaji ayapate majibu kichwani, mahali pasipoonekana. Marion Blank na wenzake waliyapanga maswali katika ngazi nne mwaka 1978, kuanzia yale yanayoshika kilichopo mbele ya macho hadi yale ya kutoa sababu, na walimu wengi wanaoifahamu ngazi hiyo hugundua kwamba wanauliza juu mno. Swali likimshinda, shuka ngazi. "Kwa nini anakimbia?" Kimya. "Tazama nyuma yake. Anamkimbia mbwa, au anaikimbia mvua?" Akijibu "mbwa," mpandishe tena: "Naam, anakimbia kwa sababu anamwogopa mbwa." Amelipata jibu la kwa nini, na ameisikia sentensi yake.

Picha na ishara za mikono hazitamfanya mvivu wa kusikiliza?

La. Neno hupita, picha hubaki, na mtoto anaweza kuirudia mara tano bila kumkera mtu. Kwa watoto wenye sindromu ya Down, ambao kwa kawaida kumbukumbu ya macho ni imara kuliko ya masikio, ishara ni nguzo hasa. Lakini sema na kuonyesha kwa pamoja, siyo kuonyesha kimyakimya. Ratiba ya siku ikiwa ukutani kwa picha, asubuhi yenye ugomvi hupungua makali.

Anasahau maneno tuliyofundishana jana.

Ni kawaida ya hali hii. Mwaka 2017 kikundi cha Holly Storkel huko Marekani kilijaribu idadi mbalimbali za marudio walipokuwa wakisoma vitabu na watoto wa shule ya awali wenye hitilafu, na kiwango kilichofaa kikawa mtoto asikie neno mara 36. Siyo mara tatu. Chagua maneno machache yanayohitajika wiki hii, uyaseme ndani ya shughuli, siyo kwa kuyakariri. Neno "nata" lishike mkononi: gundi inanata, tope linanata, utepe umeacha kunata. Mweleze pia linafanana na lipi na ni kinyume cha lipi, na linaanza kwa sauti gani. Neno lenye mishiko mingi halipotei haraka.

Nimfundisheje kusema kwamba hajaelewa?

Kama ingenibidi nichague jambo moja tu katika ukurasa huu, ningechagua hili. Mtoto anayeweza kusema "sijaelewa" ana dawa anayotembea nayo mahali ambapo mama, mwalimu na mtaalamu hawapo.

Shida ni kwamba ili useme hujaelewa, lazima ujue hujaelewa, na watoto wengi wenye hitilafu hawalioni pengo lenyewe. Wamezoea dunia yenye mapengo. Christine Dollaghan na Nancy Kaston walionyesha mwaka 1986 kwamba watoto wadogo wa shule wenye hitilafu ya lugha wanaweza kufundishwa kugundua ujumbe mbovu na kuchukua hatua, na mpangilio wao unaigika nyumbani.

Anza na ubovu ulio wazi. Mwombe kitu huku umefunika mdomo na kunong'ona. Mwombe ukiwa unaongea mbio mno. Akishangaa, mpe maneno: "Sikusikia. Sema tena." Kisha agizo lisilowezekana: "Nipe tembo," wakati mezani kuna kijiko na penseli. "Hakuna tembo!" Kisha lenye utata: mbele yake penseli tatu, "Nipe penseli." Hapa atakupa yoyote. Usiipokee. Mwambie ulikuwa unawaza moja maalumu, na mfundishe kuuliza "Ipi?" Baada ya hapo tia neno asilolijua, "Nipe kile cha pembetatu," na jibu linalotakiwa ni "Pembetatu ni nini?" Mwisho agizo refu lisiloshikika, na jibu lake ni "Umesema mengi. Sema kidogo kidogo."

Yote haya ni mchezo, dakika tano kwa siku, na yeye pia apate zamu ya kukupa maagizo mabovu. Wanalipenda sana hilo.

Halafu kuna upande wetu. Siku atakaposema "sijaelewa" kwa mara ya kwanza kwa hiari yake, mtu mzima aliye mbele yake anaweza kuyafuta mafunzo yote kwa "Nimesema mara ngapi?" Waambieni babu, bibi, shangazi, dereva wa basi la shule: akisema hajaelewa, ashukuriwe kwa kusema, kisha aelezwe upya.

Mwalimu wa watoto 40 afanye nini? Hawezi kukaa na mmoja.

Hahitaji kukaa naye. Amkalishe mbele, mbali na dirisha lenye kelele. Agizo la darasa zima likishatolewa, apite karibu na meza yake aseme kwa ufupi hatua ya kwanza tu. Hatua ziandikwe au zichorwe ubaoni na zisifutwe. Asimuulize "Umeelewa?", kwa sababu jibu huwa ndiyo. Amwambie "Nionyeshe utaanzia wapi." Maneno mapya ya somo yatajwe siku moja kabla, hata nyumbani. Haya yakifanywa, wananufaika pia wale watoto wengine ambao hakuna aliyejua kwamba wamepotea.

Anasoma kwa sauti bila kukwama, lakini ukimuuliza amesoma nini hajui.

Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi ni zao la kuzidisha mambo mawili: kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa karibu na sifuri, zao ni karibu na sifuri. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anaweza kujua kusoma kwa sauti mapema na tatizo likafichika miaka mingi. Mazoezi zaidi ya kusoma kwa sauti hayatamsaidia huyu. Msomee, simameni kila baada ya sentensi chache, achore au aigize kilichotokea.

Kuna programu za simu na kompyuta zinazodai kutibu. Tununue?

Kuweni waangalifu. Fast ForWord, programu ya kompyuta iliyopata umaarufu mkubwa, ilifanyiwa uchambuzi wa tafiti mwaka 2011, na haukupata ushahidi kwamba inaboresha lugha ya kuzungumza wala kusoma. Mchezo wa simu unaoufanya wewe na mtoto mkiongea unaweza kufaa. Unaompa mtoto ili apone peke yake, hapana.

Tiba inafanya kazi kweli?

Mapitio ya tafiti ya mwaka 2003 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta tiba inasaidia katika matamshi na msamiati, lakini kwa kuelewa ushahidi ulikuwa hafifu. Tangu wakati huo zimetoka tafiti zenye matumaini, hasa pale mtoto anapofundishwa jambo mahususi waziwazi, kwa maumbo na rangi zinazoonyesha sehemu za sentensi, ana kwa ana na mtaalamu. Kwa hiyo usitarajie miujiza, na mtilie shaka anayekuahidi uponyaji kwa wiki sita. Tarajia malengo madogo yanayopimika: muhula huu aelewe "kabla" na "baada", muhula ujao kauli ya kutendwa. Na kubadilisha usemi wa watu wazima hakusubiri ushahidi wa tiba, kwa sababu agizo linaloeleweka leo limempunguzia mtoto adha leo.

Hakuna mtaalamu karibu nasi.

Pimeni masikio popote inapowezekana, kisha fanyeni yaliyo humu. Andika daftari: tarehe, ulisema nini hasa, ulionyesha kwa mkono au la, yeye alifanya nini. Baada ya mwezi utaona ruwaza, labda anapotea sentensi ikizidi maneno matatu ya lazima, labda ni makatazo tu. Siku utakapompata mtaalamu, hata kwa simu ya video, daftari hilo litaokoa vikao kadhaa.

Mwanangu ana miaka 15. Tumechelewa?

Hamjachelewa. Mwaka 2014 Susan Ebbels na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa vijana wa sekondari wenye matatizo makubwa ya kuelewa. Walifundishwa viunganishi, wakaendelea vizuri kuliko wenzao waliokuwa bado hawajafundishwa. Hitilafu yenyewe kwa kawaida hudumu hadi utu uzima, lakini kijana hujifunza njia, tena kijana ana faida moja ambayo mtoto wa miaka 5 hana: mnaweza kuzungumza naye wazi kuhusu hali yake. Mwambie jina la hali hiyo. Wengi wamejiita wajinga kwa miaka, na jina hilo jipya huwatua mzigo.

Katika umri huu elekezeni nguvu kwenye mahali ambapo kutoelewa kuna gharama: maagizo ya mtihani, mahojiano ya kazi, maelekezo ya daktari, maswali ya polisi, mizaha na kejeli za wenzake, mikataba. Andaeni kila hali kwa kuiigiza, na sentensi zake awe nazo tayari mdomoni: "Naomba uniandikie hilo." "Nikikuelewa vizuri, unataka nianze na hiki, sivyo?" "Niulize swali hilo kwa maneno mengine."